Uzi maalum: Kulipwa kwa kucheza gemu la mpira, ukweli wake bila chai

#1 (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kila baada ya muda anaibuka mtu humu na swali lile lile, "mimi hili gemu la FIFA nalicheza hatari, mtaani hamna wa kunigusa, naanzaje kulipwa?" Na majibu anayopata ni ya aina mbili tu, kuna watakaomwambia acha utoto katafute kazi, na kuna watakaomtajia dola laki mbili na nusu halafu wakapotea. Nimeona nifungue uzi mmoja tuyamalize, maana hii kitu naifuatilia toka enzi fainali zinachezwa na hamna anaewajua wachezaji zaidi ya ndugu zao.

Tuanze na hela maana ndo imewaleta. Kombe la dunia la hili gemu lilianza 2004 pale Zurich, FIFA wenyewe wakaliita Interactive World Cup, bingwa wa kwanza akatoka Brazil. Miaka ile ilikuwa kujifurahisha tu. Hata ukija 2016, fainali New York ndani ya Apollo Theater, Mohamad Al-Bacha wa Denmark anamtoa Muingereza Sean Allen kwa goli la ugenini mechi inaelekea kuisha kabisa, mzigo wa bingwa ulikuwa dola 20,000. Mwaka uliofuata, 2017 London, Spencer Ealing akaondoka na dola 200,000. Yaani kombe lile lile na gemu lile lile, wameongeza sifuri moja. 2018 ikapanda tena 250,000, na mwaka huo FIFA walisema waliocheza mchujo ni zaidi ya watu milioni 20. Waliofika fainali ni 32.

Hizo namba mbili za mwisho zisome pamoja, usisome moja ukaiacha nyingine.

Sasa kuna kitu watu huwa hawakiangalii. Chukua orodha ya mabingwa wa hilo kombe kuanzia 2004 mpaka 2023, kipindi chote lilipokuwa linachezwa kwa gemu la EA, ile kampuni iliyokuwa inatengeneza gemu la FIFA. Waliobeba mara mbili ni wawili tu, Alfonso Ramos wa Hispania (2008 na 2012) na Bruce Grannec wa Ufaransa (2009 na 2013). Hamna hata mmoja aliebeba akatetea mwaka unaofuata. Aliekaribia ni MSdossary wa Saudi Arabia, bingwa 2018, akarudi fainali 2019 akafungwa 3-2 jumla na MoAuba wa Ujerumani. Kwenye mpira wa kweli mtu akiwa bora anakaa juu miaka, huku unabeba kombe na mwaka ujao unatolewa mapema na dogo hujawahi kumsikia.

Sababu kubwa ni kwamba gemu lenyewe linabadilika kila mwaka. Ikifika Septemba linatoka jipya, kile ulichokesha ukijifunza kimepunguzwa makali, na hata katikati ya msimu inashushwa sasisho unaamka mbio za winga wako hazina faida tena. Wanaokumbuka FIFA 19 wanajua, walileta ule upigaji wa kubonyeza mara mbili kwa kupatia muda, ukiwahi sawasawa taa ya kijani inawaka na mpira unaenda kona hata ukiwa mbali, watu wakajenga mchezo mzima juu ya hiyo kitu. FIFA 20 ilivyokuja ikapunguzwa, ukaona nani alikuwa anajua mpira na nani alikuwa anajua ile taa ya kijani.

Kwahiyo msimamo wangu nauweka mapema ili wa kubisha abishe: mtu akikwambia anaishi kwa kushinda makombe ya hili gemu, muulize mara mbili. Wanaoishi wanaishi kwa mkataba. Yule Sean Allen aliefungwa 2016 unajua kilichomkuta? Mwezi Mei mwaka huo huo West Ham wakamsajili, akawa mchezaji wa gemu wa kwanza kwa klabu za Uingereza. Wolfsburg wa Ujerumani walikuwa washaanza 2015. Bingwa alipata kombe, mshindi wa pili akapata ajira. Hapo tafakari.

Ntaendelea, kama kuna maswali yaleteni.

#2

Nimekaa siti ya mbele kabisa mkuu, tiririka

#3

Mnadanganyana tu. Hilo gemu lina skripti, nishaona mtu nampiga 3-0 dakika ya 80 wachezaji wangu wanaanza kukimbia kama wamefungwa mawe, dakika ya 90 ni 3-3. Kampuni inaamua nani ashinde ili uliefungwa ukanunue kadi za wachezaji wa kuimarisha timu yako ndani ya gemu. Sasa hapo taaluma inatoka wapi, ni sawa na kubeti tu.

#4 (mleta mada)

Mkuu #3 nilijua utakuja, na sikukatai moja kwa moja maana hisia hiyo tumeipata wote. Hii ishu ilifika mpaka mahakamani, Novemba 2020 watu walifungua kesi California wakidai EA wanabadilisha ugumu wa mechi kimyakimya ili watu wanunue kadi, EA wakakana, mwaka uliofuata wakawaonyesha walalamikaji nyaraka na kuwakutanisha na mainjinia wao, kesi ikafutwa na walioifungua wenyewe. Kwahiyo anaetaka kuamini skripti aamini, ila aje na kitu kipya.

Halafu jiulize, kama ingekuwa kampuni inaamua, mbona kwenye mchujo majina ya juu ni yale yale kila wiki? Kubeba kombe moja la siku mbili tatu lina bahati ndani yake, hilo nishalisema, lakini kukaa kwenye watu 32 kila msimu hakuna skripti ya kukupa.

Nikwambie tofauti yetu na wao iko wapi. Ingia YouTube tafuta fainali ya 2018, MSdossary na Stefano Pinna wa Ubelgiji. Magoli usiyaangalie. Angalia mtu akiwa hana mpira. Sisi adui akivuka katikati tunafanya nini? Tunachukua beki wa kati, tunakanyaga R2 (kitufe cha mbio), tunamrushia mguu, beki anapitiliza, nyuma yake pana uwanja wa kulima, goli, halafu tunakuja huku kusema skripti. Mtu wa kulipwa beki wa kati hamgusi. Anachukua kiungo mkabaji, anashikilia L2 (cha kukaba bila kurukia), anarudi nae taratibu uso umeelekea mpira, hakabi, anaziba tu njia ya pasi, na kila adui akitaka kupenyeza anakuta pana mguu. Kubadilisha mchezaji anatumia stiki ya kulia kwasababu L1 gemu ndo linakuchagulia, stiki unachagua mwenyewe. Adui anazunguka nje ya boksi anapasi anarudisha anapasi mpaka anachoka, anajaribu moja ya kulazimisha, imenaswa, pasi tatu tayari uko golini kwake. Hiyo ndo kazi yenyewe, na haivutii hata kidogo kuangalia.

Na kingine, fainali zile zilikuwa mechi mbili, moja PS4 nyingine Xbox. Shika pedi mbili uone. Stiki ya kushoto ya Xbox imekaa juu, ya PlayStation iko chini imelingana na mwenzake, dole gumba linakaa sehemu nyingine kabisa, kitufe ulichozoea kina herufi badala ya alama, halafu uko jukwaani pale O2 na dunia inakuangalia. MSdossary alikuwa mtu wa Xbox, jumla ikaisha 4-0.

#5

Bro mi nina miaka 15, ile ligi ya mtandaoni ya wikiendi nashinda zote ama napoteza moja. Natakiwa kufanya nini ili timu inione

#6

@5 soma shule kwanza dogo 😂

#7 (mleta mada)

Mwache dogo kauliza vizuri.

Dogo, kuna mwenzako anaitwa Anders Vejrgang wa Denmark. RB Leipzig walimsajili 2020 akiwa na miaka 14. Kipindi kile wikiendi moja ilikuwa mechi 30 na yeye alikuwa anashinda 30, wiki inayofuata 30, inayofuata 30, mpaka akafikisha mechi 535 mfululizo ndo akaja kufungwa 2021. Na pamoja na hayo yote mashindano rasmi alikuwa haruhusiwi, kanuni inataka uwe umefika 16. Akawa anacheza akirusha moja kwa moja mtandaoni, watu wanamuangalia, klabu inapata jina. Umeona hapo, alikuwa na ajira kabla hajaruhusiwa kugusa kombe. Na kombe la dunia la 2022 pale Copenhagen alikuja kubeba Umut, wa timu hiyo hiyo ya Leipzig.

Kwahiyo kwako wewe mwaka uliobaki sio wa kusubiri. Cha kwanza rekodi mechi zako, hasa ulizofungwa, kaa uziangalie bila pedi mkononi. Cha pili tafuta watu wanaokufunga. Hili ndo gumu maana kumfunga kila mtu mtaani ni raha, lakini huwezi kujua kiwango chako kwa watu wanaokuogopa. Cha tatu, cheza mashindano ya ana kwa ana hata kama zawadi yake ni makofi. Mtandaoni ukiwa chumbani kwako hakuna anaekuangalia mikono, ukikaa na mtu bega kwa bega, jamaa zake nyuma wanapiga kelele, ndo utajua kama vidole vyako ni vya kwako. Nimeona watu wakali sana wa mtandaoni wanashindwa kutoa pasi ya mita tano.

Tekkz, yule Muingereza, Januari 2018 alienda Barcelona ana miaka 16 hamna aliekuwa anamjua, akachukua kombe mbele ya majina yote makubwa. Toka hapo hakuna aliekaa kwenye meza nae akamchukulia poa.

Na jambo la kadi lazima niliseme wazazi wakiwepo humu. Ile timu ya kuokoteza ya kadi hujengeki nayo bure kwa haraka, mwanzo wa msimu wakubwa wanamwaga hela ili wawe na kikosi mapema, wengi wanalipiwa na timu. Wewe huna timu. Usishindane nao kwenye kununua, cheza muda mrefu upate taratibu, maana ule ununuzi wa pakiti za kadi hauna mwisho na humo ndani ndo pana bahati nasibu ya kweli. Zamani kombe la FIFA walikuwa wanaweka wachezaji wote kiwango kimoja, 85 kila mtu, uwezo ndo unaongea. Mimi mpaka leo naona ile ilikuwa haki zaidi.

#8

Sisi wa kwenye simu je au hatuhesabiki?

#9 (mleta mada)

Mnahesabika, na pengine kuliko mnavyojua. EA na FIFA waliachana, ilitangazwa Mei 2022, ndo maana FIFA 23 ikawa ya mwisho na 2023 ikaja EA Sports FC 24. FIFA wakaenda kwa Konami, watengenezaji wa gemu la eFootball, na Desemba 2024 pale Riyadh kombe lao likachezwa kwa eFootball, kukiwa na upande wa konsoli (mashine kama PlayStation) na upande wa simu kabisa. Konsoli wakabeba Indonesia, simu akabeba jamaa wa Malaysia. Sasa angalia ramani hiyo ukilinganisha na miaka ile ambayo mabingwa wengi walitoka Ulaya na Saudia. Gemu ambalo ni bure na linachezeka kwenye simu linatoa watu sehemu ambazo konsoli haijawahi kutoa. Mimi ningekuwa naanza leo sina hela ya konsoli, huko ndo ningeanzia bila aibu.

#10

Mzazi hapa. Kijana wangu ana 17, anataka aache shule awe anafanya mazoezi "kama wachezaji wa kweli". Mleta mada nishauri ukweli.

#11

Niingie hapo kwa mzazi maana nishapita huko, nilikuwa na timu moja sitaitaja.

Mzee wangu, muulize kijana mkataba wake unasemaje, kama hana mkataba hakuna mjadala. Na hata akiupata, mpe mtu mzima ausome. Mimi wa kwangu nilisaini nikiwa na furaha nikaangalia mstari wa mshahara tu. Kumbe kuna kipengele cha masaa ya kurusha moja kwa moja kila mwezi, usipofikisha wanakata. Kuna kipengele kwamba zawadi yoyote wanachukua sehemu yao, hata ya shindano nililojilipia mwenyewe nauli. Na chaneli niliyoifungua mimi, jina langu, sauti yangu, ikawa mali yao mkataba ukiwa hai. Mshahara wenyewe unachelewa, ukiuliza unaambiwa wadhamini hawajalipa. Nikatolewa mchujo msimu uliofuata na simu zikaacha kupokelewa hapo hapo.

Sijutii, nimeona nchi za watu na nimekaa meza moja na watu niliokuwa nawaangalia YouTube. Ila nilikuwa naendelea na masomo usiku usiku, bila hivo sijui leo ningekuwa naongea na nyie kutoka wapi.

#12 (mleta mada)

#11 shukrani sana mkuu, huu ndo mchango niliokuwa nausubiria.

Mzee, naongezea kitu kimoja ambacho vijana hawakifikirii. Mchezaji wa mpira wa kweli akigombana na klabu anahamia nyingine, mpira wenyewe hauna mwenyewe. Huku mpira una mwenyewe. Kampuni ndo inamiliki uwanja, sheria, goli, mpaka akaunti yako. Kurt0411 wa Malta alikuwa mchezaji mkubwa tu, alikuwa anawasema EA hadharani kwa lugha kali, wakamfungia mashindano, halafu Februari 2020 wakamfungia kabisa magemu yao yote. Uwe upande wake ama upande wa kampuni, siku moja ameamka na zana yake ya kazi haipo.

Halafu kuna mambo ambayo hayamhusu mchezaji kabisa. Kombe la 2020 halikuchezwa kwasababu ya Corona, la 2021 nalo likafutwa. Kama ulikuwa kwenye kilele cha kiwango chako miaka hiyo miwili, pole, ilishapita. Na ule mtengano wa EA na FIFA niliousema, mtu amekua akiota kombe la FIFA, anafikia umri kombe limehamia gemu lingine ambalo pasi yake tu ni ya kujifunza upya.

Ndo maana nikiulizwa nani amefanikiwa kuliko wote kwenye hili gemu sitaji mwenye makombe mengi, namtaja MSdossary. Sio kwa ile 250,000. Mwaka 2017, kabla hata hajawa bingwa wa dunia, alishaanzisha timu yake ya Falcons. 2024 hiyo timu ikabeba ubingwa wa jumla wa vilabu kwenye Esports World Cup Riyadh, na ubingwa ule ulitokana na pointi za magemu kibao ambayo yeye hata hachezi. Wengine wamekuwa makocha, wachambuzi, wengine wanaishi kwa watazamaji wao. Ruud Gullit alifungua akademi ya gemu 2018, kule kuna watu kazi yao ni kumkalia dogo pembeni akicheza na kumwambia hapo ulibadilisha mchezaji mapema. Hiyo nayo ni ajira.

Kwahiyo mzee, asiache shule. Mpe ratiba, masaa mawili matatu ya mazoezi ya maana kwa siku yanatosha sana kwa anaejua anafanya nini. Akikaa masaa kumi, nane ni ya hasira, anafungwa anaingia nyingine anafungwa anaingia nyingine, hapo hajifunzi kitu.

#13

Mimi narudi pale pale, skripti ipo. Ila hiyo ya L2 na kiungo mkabaji nimejaribu jana usiku nimefungwa 1-0 badala ya 5-0 kwahiyo kuna kitu 😂

#14

Hahaha #13 ushaanza taaluma hivo

#15

Swali la mwisho mkuu, vifaa. Nina TV kubwa nzuri tu ila nahisi wachezaji wanachelewa kuitika, ni intaneti ama ni mimi?

#16 (mleta mada)

Inaweza ikawa TV mkuu, na wengi hawajui. TV kubwa inaichakata picha kwanza kuipendezesha ndo inakuonyesha, wewe ushabonyeza yenyewe bado inapaka rangi. Ingia kwenye mpangilio washa ile hali ya gemu, utashangaa. Ukiweza tafuta monita ndogo ya kuchezea, wa mashindano wote wanakaa na monita karibu na uso, hamna anaecheza kwenye sinema.

Jinsi ya kujua ni nini kinachelewa: cheza mechi na mtu mliekaa nae bila mtandao. Ikiwa nyepesi ujue tatizo ni intaneti, ikiwa nzito vile vile ni TV ama pedi. Kama ni intaneti chomeka kebo, achana na Wi-Fi, hata kama kasi ni ndogo kebo haiyumbi, na hili gemu halihitaji kasi kubwa linahitaji kasi isiyobadilika. Ukiwa mbali na seva hata kebo haitakuokoa sana, hapo ndo unajifunza kucheza taratibu, pasi fupi, kupiga chenga kidogo, maana kila unachobonyeza kinafika kimechelewa kidogo na mwenye haraka ndo anaumia zaidi.

Nikipata muda kesho naweka mpangilio wa mfumo ninaotumia, 4-2-2-2 na maelekezo ya kila mchezaji. #13 na wewe uwepo.